Safari ya Mbegha kwenye kioo cha kompyuta

*Programu za bure sasa zinaweza kugeuza kitabu kuwa ramani, jedwali au mchoro wa wahusika. Kwa masimulizi ya Usambara, Uzigua na Nguu, kazi ngumu inabaki kwa mtu anayezijua njia na majina ya vijiji.*

Andika neno "Vuga" kwenye ramani ya simu. Alama nyekundu inaweza kutua Unguja, kwenye mtaa wa Vuga, ndani ya Mji Mkongwe. Ramani haijakosea, kwa sababu mtaa huo upo, unajulikana na unatafutwa na watu wengi kila siku.

Lakini ukiwa umefungua kitabu cha *Habari za Wakilindi*, Vuga unayoitaka iko mlimani, Usambara ya Magharibi. Ni mji wa kifalme, mahali ambapo Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka Nguu, alipokewa na kufanywa mtawala. Ukiiachia kompyuta ichore safari yake bila kuisimamia, itamtoa Nguu, itampitisha nyikani, kisha itamvusha bahari na kumtawaza Unguja. Mwanafunzi asiyekijua kitabu ataupokea mchoro huo, ataubandika kwenye kazi yake na kuukabidhi kwa mwalimu.

Vyuo vikuu vingi duniani sasa vinafundisha fasihi kwa michoro. Riwaya inawekwa kwenye ramani, wahusika wanaunganishwa kwa mistari, maneno yanahesabiwa na kupangwa kwa ukubwa. Zana zenyewe nyingi ni za bure, na baadhi zinafanya kazi bila intaneti. Swali lililoletwa mezani kwa makala haya ni kama zana hizo zina faida yoyote kwa msomaji na mwandishi wa Kiswahili aliye Korogwe au Handeni, na kama faida hiyo inalingana na hasara yake.

Ukingo wa Lutindi

Jibu tulitafute kuanzia Lutindi, kata ya Wilaya ya Korogwe iliyo juu ya ukingo wa kusini wa milima ya Usambara ya Magharibi, nchi ya chai na miteremko mikali. Wengi wanaijua kwa hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kituo hicho kilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896, kikiwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Wagonjwa wa akili walianza kupokewa mwanzoni mwa karne ya 20.

Nchi iliyo mbele ya ukingo huo inasaidia kuelewa kwa nini ramani ina maana hapa kuliko mahali pengi. Mji wa Korogwe uko kwenye mwinuko wa mita 300 hivi, na milima ya nyuma ina vilele vinavyopita mita 2,000. Chini kuna bonde la Mto Ruvu, huo ambao ramani nyingi zinauita Pangani. Ng'ambo yake ni nyika ya Handeni, na mbele zaidi ni Kilindi na milima ya Nguu.

Pengo hilo kati ya milima miwili ndilo analolivuka Mbegha kitabuni. Anayeishi kwenye ukingo huu anaweza kulitazama kwa macho, ilhali mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mwanza analisoma kama sentensi chache tu za safari na kupita.

Kitabu kilichojaa njia

*Habari za Wakilindi* kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyewahi kuishi Usambara na kuujua utawala wake kwa karibu. Sehemu zake tatu zilipigwa chapa na wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, mwaka 1895, 1904 na 1907. Baadaye J.W.T. Allen alizihariri, na mwaka 1962 East African Literature Bureau ya Nairobi ikazitoa kwa kitabu kimoja.

Kwa maoni yangu hiki ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya nathari ya Kiswahili, nacho kinasomwa kidogo mno. Kina mazungumzo makali, hila za watawala, ndugu wanaogombana na vijiji vinavyochomwa. Tena kinataja mahali karibu kila hatua, kwa namna ya msimulizi anayeamini kwamba msikilizaji wake anazijua njia hizo kwa miguu.

Mbegha anazaliwa Nguu akiwa kigego, yaani mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Anahesabiwa kuwa na nuksi, na wazazi wake wanapokufa jamaa wanamnyima urithi. Anaondoka na mbwa, mikuki na dawa zake. Anafika Kilindi, anapendwa, mtoto wa mkubwa wa huko anafuatana naye kuwinda, na kijana huyo anafia mawindoni. Mbegha anakimbia tena. Anatokea Zirai, anafika Bumbuli, na hatimaye anaitwa Vuga. Njiani anaua simba, na kwa simba huyo anapata jina la kifalme.

Kila kituo kina tendo lake. Kwenye nyika Mbegha ni mwindaji mwenye nyama nyingi na asiye na unga. Kwenye milima anakuta wakulima wenye vyakula vya shamba, nao wanateswa na nguruwe wanaoharibu mazao. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara katika miaka ya 1960 na kuchapisha *The Shambaa Kingdom* mwaka 1974, aliipa uzito mkubwa habari hiyo ya nyama na chakula cha shamba, kwa kuwa ufalme unaanzia kwenye kubadilishana huko.

Ukiweka vituo hivyo juu ya ramani yenye mwinuko wa ardhi, jambo hilo linaonekana papo hapo. Safari ya Mbegha inapanda. Anapokuwa bondeni anakimbia na kufukuzwa, na anapofika juu anapewa wake na heshima. Msomaji makini angeweza kuligundua hilo bila kompyuta, lakini mchoro unalileta mbele ya darasa zima kwa dakika moja, na hapo mjadala unaanza.

> *Anapokuwa bondeni anakimbia na kufukuzwa, na anapofika juu anapewa wake na heshima.*

Sehemu za baadaye za kitabu zina umbo jingine. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyetembelewa Vuga na mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alifariki mwaka 1862. Baada yake ndugu na wana waligombana. Semboja, mmoja wa wana hao, aliweka makao yake Mazinde, chini tambarare, kwenye njia ya misafara. Leo Mazinde iko Wilaya ya Korogwe, na mabasi ya Arusha na Moshi hupita hapo.

Nguvu zilishuka kutoka mlimani kwenda barabarani. Bunduki na baruti zilitoka pwani, na watumwa wakapelekwa pwani. Makazi kama yale ya watoto wa Lutindi yalihitajika kwa sababu ya biashara ya aina hiyo. Ramani mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu, moja ya sehemu ya mwanzo na nyingine ya miaka ya baada ya Kimweri, mwanafunzi ataona majina yakihama kutoka vilele vya milima kwenda ukanda wa misafara. Akishaona atauliza kwa nini, na jibu atalitafuta kitabuni.

Kazi inavyofanyika

Mtu anayetaka kuchora kitabu namna hii anaanza na maandishi. Kurasa zinapigwa picha, kisha programu inazisoma na kuzigeuza herufi zinazoweza kutafutwa. Chapa za zamani husumbua hapa: wino umefifia, karatasi ina madoa, na tahajia ya miaka ya 1890 si ya leo. Lazima mtu akae na kitabu mkononi arekebishe mstari kwa mstari.

Kisha linafuata jedwali, nalo ndilo moyo wa kazi yote. Jedwali zuri la kitabu hiki lingekuwa na safu za namna hii: jina kama lilivyoandikwa kitabuni, ukurasa, nani anapita hapo, anafanya nini, jina la leo, latitudo na longitudo, na mwishoni kabisa kiasi cha uhakika. Safu hiyo ya mwisho huachwa na wengi, kumbe ndiyo inayotenganisha utafiti na mapambo.

Chukua mstari mmoja: Kilindi. Ukurasani ni mahali ambapo Mbegha alikaa. Leo ni jina la wilaya nzima iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, makao yake makuu yakiwa Songe. Programu itaweka alama katikati ya wilaya au kwenye makao makuu, mahali ambapo mwandishi wa kitabu hakupataja. Mzee wa Nguu anaweza kusema Kilindi ya zamani ilikuwa upande fulani wa mlima fulani. Kwenye safu ya uhakika mtu mwaminifu ataandika "yawezekana", na badala ya nukta atachora eneo lenye rangi hafifu.

Lutindi nayo ina mtego wake. Jina hilo liko pia Usambara ya Mashariki, upande wa misitu ya Nilo, ng'ambo ya bonde la Luengera. Barua ya mmisionari ikitaja Lutindi bila maelezo zaidi, kompyuta haiwezi kuamua ni ipi. Mtu wa Korogwe anaamua kwa kuuliza mwandishi alitokea wapi, alitembea siku ngapi, na alivuka mto gani.

Jedwali likikamilika, kuchora ni kazi nyepesi. QGIS, programu ya ramani iliyoanza mwaka 2002, ni ya bure na inafanya kazi bila mtandao. Kwa kuhesabu maneno kuna Voyant, iliyobuniwa na Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell, wasomi wa Kanada. Inatumika kupitia intaneti, na pia inaweza kupakuliwa ikakaa kwenye kompyuta. Shule ya mlimani ambako mtandao unakuja na kuondoka inaweza kuibeba kwa flashi.

Mashine isiyoijua "akaenda"

Kuhesabu maneno ndiko kunakovutia wengi kwanza, na ndiko kunakodanganya zaidi kwa Kiswahili. Ukiingiza hadithi yoyote ya Kiswahili kwenye zana iliyotengenezwa kwa lugha za Ulaya na kuiomba wingu la maneno, maneno makubwa yatakayojitokeza ni "ya", "wa", "na", "kwa" na "ni". Wingu hilo halisemi lolote kuhusu hadithi.

Hilo lina dawa: unaandaa orodha ya maneno ya kuachwa na kuiingiza mwenyewe. Ugumu wa pili ni wa ndani zaidi. Kwa mashine, akaenda, wakaenda, alikwenda, walipokwenda, hakuenda na nitakwenda ni maneno sita yasiyohusiana. Kitenzi chenye nguvu kuliko vyote katika kitabu cha safari kinavunjwa vipande vidogo na kutoweka kwenye hesabu. Nomino fupi inayojirudia vilevile, kama "mbwa", inapanda juu. Msomaji anaambiwa kitabu kinahusu mbwa kuliko safari.

Mkilindi, Wakilindi na Kilindi nayo yanahesabiwa mbali mbali: mtu, ukoo na mahali. Hapa utengano huo una faida, ikiwa msomaji anajua anachokitazama.

Kuna watu waliolifanyia kazi tatizo hili kwa miaka mingi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuunda SALAMA, mfumo wa kompyuta unaochambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi hadi kufikia mzizi. Chuo hicho pia kimekusanya hazina ya maandishi ya Kiswahili, na toleo lake la pili lililotoka mwaka 2016 lina maneno yanayokaribia milioni 25. Kwa hiyo ujuzi upo. Bado haujafika kwenye programu nyepesi ambazo mwalimu wa sekondari anaweza kuzifungua asubuhi kabla ya kipindi.

Inafaa kusemwa waziwazi kwamba hasara hii haitokani na ugumu wa Kiswahili. Sarufi yake ina utaratibu mzuri mno, na mashine ikifundishwa inaufuata. Kasoro ni kwamba waliounda zana hizi hawakuanza na sisi, na sisi hatujazidai.

Wasiwasi wa darasani

Walimu wa fasihi wana hoja nzito dhidi ya michoro hii, nayo haifai kupuuzwa. Wanafunzi wengi tayari wanakwepa kusoma kitabu kizima. Wananunua vijitabu vya uchambuzi, wanakariri dhamira, migogoro na ujumbe, kisha wanaingia kwenye mtihani bila kufungua kitabu kama *Ngoswe* wala *Takadini*. Mchoro unaweza kuwa njia nyingine ya mkato. Mtu akiona mistari ya wahusika imechorwa vizuri anaweza kudhani amesoma.

Mtihani nao hauulizi ramani. Swali huja kwa mtindo uleule, likimtaka mtahiniwa athibitishe kauli kwa kutumia vitabu viwili alivyosoma. Mwalimu mwenye vipindi vingi na darasa lililojaa hana sababu ya kutumia wiki nzima kujaza jedwali la majina ya vijiji.

Upande wa pili unajibu kwamba anayejaza jedwali hawezi kukwepa kitabu. Ili kuandika nani yuko wapi na anafanya nini katika kila ukurasa, lazima asome kila ukurasa. Njia ya mkato ni kupewa mchoro uliokwisha kuchorwa na mwingine, ilhali kuuchora mwenyewe ni kusoma polepole kuliko kawaida. Mimi nakubaliana na upande huu, kwa sharti hilohilo: darasa lipewe jedwali tupu, lisipewe ramani iliyokamilika.

> *Darasa lipewe jedwali tupu, lisipewe ramani iliyokamilika.*

Nje ya Afrika mjadala kama huu umekuwapo kwa zaidi ya miaka 20. Mwitaliano Franco Moretti alichapisha atlasi ya riwaya ya Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2005 akatoa kitabu kuhusu grafu, ramani na miti katika historia ya fasihi. Aliziweka riwaya za Paris kwenye ramani akaonesha kwamba vijana wenye tamaa wanaishi ng'ambo moja ya mto Seine, na vitu wanavyovitamani viko ng'ambo ya pili. Wapinzani wake walisema anayetazama vitabu mia kwa mbali haoni sentensi hata moja.

Kwetu hoja ya vitabu mia haijafika, kwa sababu vitabu vyenyewe vingi havijaingizwa kwenye kompyuta. Ramani zetu kwa sasa zitakuwa za kitabu kimoja kimoja, tena kitabu kinachosomwa kwa ukaribu. Nadhani hiyo ni bahati.

Kusadikika haina latitudo

Mwandishi mkubwa kuliko wote wa Mkoa wa Tanga, Shaaban Robert, anaweka mpaka kwa wanaopenda ramani. Alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, Tanga, mwaka 1909, na alifariki mwaka 1962. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi kwenye ofisi ya upimaji ardhi Tanga. Lakini nchi aliyoijenga katika *Kusadikika*, kitabu kilichotoka mwaka 1951, inaelea hewani. Hakuna mpimaji atakayeipigia vigingi.

Ukilazimisha ramani hapo utaharibu kazi. Shaaban aliiondoa nchi hiyo ardhini kwa makusudi ili aweze kusema juu ya watawala mambo ambayo angeshtakiwa kama angetaja mahali. Wanaotafuta "Kusadikika halisi ni wapi" wanapoteza ngao aliyoitengeneza kwa uangalifu.

Hata hivyo, mchoro wa aina nyingine unafaa sana. Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, anajitetea kwa kusimulia safari sita za wajumbe waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anarudi na jambo jema, na kila mmoja anaishia kifungoni. Chora nukta moja katikati iitwe baraza la Kusadikika, kisha mistari sita inayotoka na kurudi hapohapo.

Sasa tazama kisichokuwepo kwenye mchoro huo. Hakuna mstari unaomuunganisha mjumbe na mjumbe mwenzake katika safari hizo. Kila mmoja anakwenda peke yake, anahukumiwa peke yake, na nchi haijifunzi kwa yaliyompata aliyemtangulia. Karama ndiye wa kwanza kuzileta safari sita mbele ya baraza kwa wakati mmoja. Utetezi wake unapata nguvu hapo: anaunganisha habari ambazo dola ilizifungia vyumba tofauti. Insha nzuri ya kidato cha sita inaweza kuanzia kwenye nafasi hizo tupu za mchoro.

Makaburi na mipaka

Hofu nyingine haiko darasani, iko vijijini. Masimulizi ya Usambara, Uzigua na Nguu yanataja makaburi ya watawala, misitu ya matambiko na mahali ambapo mgeni haingii bila kupelekwa. Kitabu kinaweza kupataja kwa jina na pakabaki na siri yake, kwa sababu msomaji hajui njia. Ramani ya simu inampeleka mtu hadi mlangoni.

Kuna pia suala la ardhi. Nukta inayosema "hapa alikaa Mbegha" inaweza kuchukuliwa siku moja kuwa ushahidi wa nani alitangulia kufika. Masimulizi ya Mbegha yana matoleo mengi, na Feierman alionesha jinsi yanavyotofautiana kutegemea msimulizi na mahali anapotoka. Abdallah bin Hemedi aliandika moja ya matoleo hayo akiwa na marafiki na maadui zake. Kulichora toleo lake peke yake na kuliita historia ya mahali ni kuwanyamazisha wengine.

Linaloweza kufanyika ni kuchora matoleo zaidi ya moja juu ya ramani moja, kila moja na rangi yake na jina la aliyesimulia iwapo ameridhia. Makaburi na misitu ya matambiko yabaki kwenye jedwali la watafiti na wenyeji, yasitoke kwenye ramani ya umma. Anayesema ramani isiyo kamili ni ya uongo amesahau kwamba hata kitabu chenyewe kiliacha mengi.

Kuhusu haki, mambo ni mepesi kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mwandishi katika maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Chapa za Magila ni za zaidi ya karne iliyopita. Kwa waandishi walio hai au waliofariki karibuni, hakuna kuingiza kitabu chote kwenye mtandao bila ruhusa. Jedwali la majina ya mahali, lililotengenezwa na msomaji kwa kazi yake mwenyewe, ni jambo tofauti na kunakili kitabu.

Kutoka Handeni hadi Mto Juba

Vitabu vingine vinangoja. *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, una habari za watu wa pwani waliokwenda bara na hata Urusi. *Mwaka katika Minyororo* cha Samuel Sehoza, kilichotoka mwaka 1921, kinaeleza kifungo cha Waafrika wa misheni ya Kianglikana mikononi mwa Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vyote viwili vimejaa mahali, siku na mwendo.

Lakini hadithi ndefu kuliko zote ya Uzigua haimo kwenye kitabu kimoja cha Kiswahili. Katika karne ya 19, wakati wa njaa, Wazigua wengi walichukuliwa kwa meli hadi Somalia na kufanywa watumwa wa mashamba. Wazao wao wanasimulia jinsi wazee walivyodanganywa kwa ahadi ya kazi na chakula, na jinsi mwanamke mwenye maono, Wanankhucha, alivyowaongoza watoroke hadi misitu ya Mto Juba. Huko walilima na kuishi, na lugha yao, Kizigula, haikufa.

Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 viliwatawanya. Baadhi walirudi Tanzania wakiwa wakimbizi, kwenye nchi ambayo masimulizi yao yanaitaja kuwa asili yao, wakawekwa Mkuyu na baadaye Chogo, Handeni, kuanzia mwaka 2003. Wengine walipelekwa Marekani. Serikali ya Tanzania imewapa uraia wengi wa waliobaki.

Kuichora hadithi hiyo kunahitaji ramani inayoanzia Handeni, ikashuka pwani, ikapanda baharini hadi Somalia, ikaingia Juba, kisha ikarudi na kutawanyika hadi miji ya Marekani. Hakuna maandishi ya kuingiza kwenye programu. Kuna sauti za wazee, nyimbo, na majina ya mahali yanayotamkwa kwa namna ya Juba na ya Handeni. Hapa kazi ya kwanza ni kinasa sauti, kisha jedwali, na ramani inakuja mwisho.

Vijana wa Chogo na wa vijiji jirani wana simu zinazoweza kurekodi. Wanaosikilizana kwa Kizigua cha Handeni na Kizigula cha Juba wapo sasa hivi, mahali pamoja, na wengi wa wanaoyajua majina ya zamani ni wazee. Chuo, maktaba ya mkoa au halmashauri itakayotoa kompyuta moja na mtu mmoja wa kuwafundisha kujaza safu saba za jedwali itakuwa imeanza kazi ambayo hakuna programu ya Helsinki wala ya Kanada inayoweza kuifanya kwa niaba yao.